Muzee wa Upande wa Kuume

Mwezi uliopita nilienda sokoni Kataki kununua tairi za kamyonete yangu ndogo, na kabla ya kuuliza bei niliinama nikazinusa. Muuzaji, kijana aliyevaa kofia ya sufu kwenye jua lile, aliangua kicheko akamwita mwenzake aje aone. "Mama, hizi haziko samaki," akaniambia. Nilimwacha acheke. Nikanusa ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kwenye ya nne pua yangu ikagoma. Siraje. Ile rangi nyeusi ya kopo tuliyokuwa tukipaka viatu vya shule Jumapili jioni. Nilisugua kidole ubavuni mwa tairi, kikatoka cheusi, nikamwonyesha. Hakucheka tena, akaenda kuniletea nyingine.

Mimi ni mtu wa kushuku, sifichi. Nikiuziwa nyanya zinazong'aa nazigeuza chini juu. Mume wangu husema hata baraka za mchungaji nazikagua kama hazijatoboka. Ninyi wenzangu wa rika langu mliokulia Kalemie mnajua kwamba vitu vyetu vingi vilivuka ziwa kutoka Kigoma, na kila kilichovuka kiliitwa kipya, hata kikiwa na jina la mwenyewe wa kwanza limeandikwa mgongoni. Lakini kushuku kwangu hakukuanzia sokoni. Kulianzia nyumbani, na mtu wa kwanza niliyemshuku maishani ni mama yangu mzazi. Nilimshuku kwa sababu ya neno moja tu.

Neno lenyewe ni muzee.

Baba yangu hakuwa mzee. Alikuwa na meno yake yote na aliweza kubeba gunia la mahindi peke yake. Lakini alikuwa na kamyonete, na kwetu mwenye gari ni muzee hata kama ndevu bado zinamtafuta. Abiria walimwita Muzee, majirani walimwita Muzee, nami nilimwita hivyo hivyo. Mama peke yake ndiye aliyemwita Papa Riziki, kwa jina langu. Kila Alhamisi baba aliondoka kwenda Nyunzu na ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, chumvi, sabuni na watu waliokaa juu ya mizigo, akarudi na mahindi na karanga. Tulikula kwa gari lile na tulisoma kwa gari lile, na likilala siku mbili bila kazi hata kuku wetu walionekana kuwa na wasiwasi.

Mwaka niliokuwa darasa la pili, baba alileta tairi nne. Alizinunua kwa rafiki yake wa bandarini, ambaye tulimwita Papa Safi kwa sababu ya mashati yake meupe yasiyoshika vumbi. Alizivingirisha moja moja mpaka katikati ya uwanja, akachukua kijiti cha kiberiti na kukizamisha kwenye mifereji ya mpira, kikamezwa karibu chote.

"Muone!" akasema. "Mupya kabisa. Hii haijakanyaga hata udongo."

Mimi niliinusa iliyokuwa karibu nami nikaipenda, maana ilinukia Jumapili. Mama alitoka jikoni akasimama mbali, mikono kiunoni.

"Mbona inanukia kama viatu?"

"Mama Riziki, ulitaka inukie bukari?"

Wanaume waliokuwa pale walicheka mpaka wakashikana mabega. Mama hakucheka. Alirudi kwenye sufuria yake ya bukari, yaani ugali, lakini nilimwona akigeuka mara mbili kuzitazama zile tairi.

Lazima niseme pia kwamba baba alikuwa na mwiko wake. Mwanamke hagusi gari kabla ya safari. Kupanda, apande; kulipa nauli, alipe na ahsante; lakini kuinama chini ya gari, au kushika chuma chake, hapana, gari litachukia. Sijui gari lilimwambia lini habari hizo.

Basi Jumatatu asubuhi, tairi zikiwa zimeshafungwa na baba ameenda kuoga ziwani, nilitoka nje na mswaki mdomoni nikaona nyayo mbili zimechomoza chini ya kamyonete. Nilizijua. Zilikuwa za mama. Alikuwa amelala chali mchangani na kitenge chake kizuri, anamulika na tochi ndogo, na midomo yake inachezacheza. Alipotoka alikuwa na udongo kwenye nywele na vidole vyeusi.

"Tatu, tisa, saba," alikuwa akijisemea. "Tatu, tisa, saba."

Aliponiona alishtuka. Alichukua bic yangu ya shule akaandika zile namba kiganjani, kisha akanishika bega.

"Riziki, usimwambie papa yako. Nitamuambia mimi mwenyewe, wakati utafika."

Tangu lini mama alificha kitu? Jirani yetu mmoja alikuwa amefukuzwa na mumewe kwa sababu ilisemekana alifukia dawa chini ya kizingiti. Chini ya gari sikuwahi kusikia, lakini nilifikiri, gari nalo lina chini yake. Siku nzima darasani niliandika 397 pembeni mwa daftari na kuitazama kama nyoka.

Nilipotoka shule mama alinikuta njiani, akanichukua mpaka kwa Kwado. Kwado si jina la mtu, ni jina la kazi: kwetu Kongo ndivyo tunavyomwita fundi anayeziba tairi kando ya njia. Huyu wetu alikaa karibu na daraja la Lukuga, nyuma ya ukuta wa tairi zilizopangwa moja juu ya nyingine. Mama aliniambia nisubiri kwenye beseni la maji, pale anapozamisha mpira wa ndani ili aone mapovu yanatokea wapi. Mapovu hayakuwepo siku ile. Nikasogeza sikio kwenye ukuta wa tairi.

"Huyu muzee ameisha, mama," Kwado alikuwa akisema. "Kwa inje anang'ara, lakini ndani ameoza. Akipata jua na muzigo, atapasuka."

"Atafika Nyunzu?" Sauti ya mama ilikuwa ndogo.

"Nyunzu? Hata Niemba ya katikati ya njia sijui. Umutoe mbele ya siku ya ine, mbele ya safari."

"Nitamutoa namna gani? Na nikisema, nitaambiwa nimetukana rafiki."

"Basi utafute njia, lakini umutoe. Kijana niko naye hapa. Iko na nguvu, atabeba muzigo yote mpaka Nyunzu na kurudi."

Mama akasema, "Huyo kijana uniwekee. Usimupe mutu mwingine."

Ninyi mmeshaelewa, maana mmesimama nami kwa fundi wa tairi na mna akili za watu wazima. Kwado alikuwa na mazoea yake ya kuzipa tairi umri wa watu. Ubavuni mwa kila tairi, alisema, kuna namba za kuzaliwa: mbili za kwanza ni wiki, zinazofuata ni mwaka. Za siku hizi zina tarakimu nne. Zenye tarakimu tatu ni za karne iliyopita, na hizo hakuhitaji hata kuzihesabu. Kwake tairi ilikuwa mutoto, kisha kijana, kisha papa, na mwisho muzee, na muzee hafai safari hata kama mifereji yake inameza kijiti kizima. Mpira huzeeka hata ukilala tu ghalani, kama mtu asiye na kazi. Na zile namba huwa upande mmoja tu wa tairi. Papa Safi alimwambia baba azifunge huku upande huo ukitazama ndani, ndiyo maana mama alilala mchangani.

Hayo yote niliyajua baadaye. Siku ile mimi nilijua muzee mmoja tu duniani.

Jumanne na Jumatano sikulala wala kula vizuri. Baba alipoletewa chakula nilikimbilia sahani yake nikaonja mimi kwanza, samaki, mboga, bukari pande zote nne, nikasubiri nife. "Riziki, sahani yako imetoboka?" akaniuliza, akacheka. Nilimwonea huruma kwa kicheko kile. Nilianza pia kumtafuta yule kijana. Nilimshuku mpiga ngoma wa kwaya kwa sababu ya mikono yake minene. Nilimshuku muuza mafuta ya mawese aliyempunguzia mama bei, nikakariri rangi ya shati lake ili nije niiseme mahakamani. Mama aliponisuka nywele Jumatano nilikaza shingo, nikahesabu vidole vyake kichwani mwangu kana kwamba ni vya mtu nisiyemjua. Akaniuliza kama naumwa. Nikasema hapana, na machozi yakanitoka.

Jioni ile ile nikamfuata baba alipokuwa akifunga mizigo.

"Muzee, mama anataka kukutoa."

"Kunitoa wapi?"

"Sijui. Njo vile walisema na Kwado. Walisema umeoza ndani. Walisema utapasuka njiani. Kwado iko na kijana wa nguvu wa kukuweka kando, na mama alisema asipewe mutu mwingine."

Baba aliacha kamba. Alipangusa mikono kwa kitambaa, akaendelea kuipangusa hata ilipokuwa safi. Mama alikuwa mdogo kwake kwa miaka mingi, na watu walikuwa wakimtania kwa hilo. Nadhani yale maneno hayakuingia kwenye nyumba tupu. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema taratibu, si kwangu. Kisha akanipa pipi. Nilijisikia shujaa, nasema kweli. Nilikuwa nimemwokoa baba yangu.

Wakati wa kula alimuuliza mama, "Ulifika kwa Kwado juma hili?"

"Kufanya nini kule?" mama akajibu, macho kwenye sufuria.

Leo naelewa. Alikuwa amevunja mwiko wa kuingia chini ya gari, alikuwa anamshuku rafiki kipenzi wa mumewe, na alikuwa bado anatafuta namna ya kusema bila kuwasha moto. Alitaka kusema baada ya baba kushiba. Lakini baba alishamwona anadanganya, na mimi nilimwona, na baba akasukuma sahani kabla hajashiba.

Alhamisi asubuhi uwanja ulijaa abiria na vikapu vyao. Mama alisubiri mpaka baba alipoinama kufunga mlango wa nyuma, akamkaribia.

"Papa Riziki, tafazali. Ule mupira wa nyuma, wa kuume, hauko muzima. Tuutoe kwanza. Kwado ametuwekea mwingine."

Uso wa baba ulifunga kama duka.

"Kwado," akasema. "Kumbe njo Kwado. Na wewe ulijua namna gani kama hauko muzima?"

"Niliingia chini nikaangalia."

Abiria waliacha vikapu vyao. Mwanamke mmoja alijipiga kifua, "Yo! Chini ya gari?"

"Uliingia chini ya gari yangu," baba akasema, "wewe na Kwado wako, na leo unaniambia mupira utapasuka. Muzuri. Kama hamukuugusa, hauna sababu ya kuogopa. Utapanda. Utakaa juu yake pale pale, kuume, nyuma. Ukikatala, watu wote hapa watajua kwa nini."

Mama alimtazama. Kisha akanitazama mimi, mara moja tu, si kwa muda mrefu. Mimi nikatazama kuku.

Akafunga kitenge vizuri, akapanda. Pale juu walikuwa wameshakaa wanawake wanne wa soko. Nilimsikia akiwaambia, "Ba mama, musogee upande ule mwingine, miguu yangu inauma, nataka kuinyoosha." Walinung'unika. Mmoja alimuuliza kama gari ni la kwake peke yake. "Njo la kwangu," mama akasema, "musogee." Wakasogea wote kushoto, wakamwachia kuume yote, na mimi kwa ujinga wangu nikafikiri, tazama, hata sasa anajifanya malkia. Gari lilipoanza kutembea aliniita: "Riziki, ufunge kuku mbele ya giza." Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyosikia kutoka kwa mama akiwa na miguu miwili mizima.

Habari ilikuja kesho yake na mtu wa pikipiki. Walipita Niemba salama. Baada ya hapo, jua likiwa kichwani, kwenye mteremko, tairi ya nyuma ya kuume ilipasuka kwa mlio ambao abiria waliudhania risasi, wengine wakaruka kukimbilia porini. Gari lililalia upande ule na magunia yakaporomoka upande ule. Upande ule hakukuwa na mtu ila mmoja. Wale wanawake wanne hawakupata hata mchubuko. Mguu wa mama ulivunjika chini ya goti na ukaja kuunganishwa vibaya, kidogo umeelekea nje, kama mtu anayetaka kuacha njia.

Baba alirudi na tairi iliyopasuka. Sijui kwa nini aliibeba. Labda alitaka kumtupia mtu. Alimwita Kwado nyumbani, na niliwasikia kwa sababu nilikuwa mlangoni na beseni la vyombo. Kwado hakugombana. Aliigeuza ile tairi upande uliokuwa umefichwa, akatema mate kwenye kitambaa, akasugua. Siraje ikatoka, na chini yake mpira ulikuwa na nyufa kama kisigino cha mkulima.

"Tatu, tisa, saba," akasoma. "Namba tatu tu. Huyu muzee nilimuambia mama amutoe. Iko mukubwa kwa mutoto wako huyu, alizaliwa mbele yake. Wale tatu wengine walikuwa vijana wazuri. Huyu peke yake njo alipakwa."

Huyu muzee. Nililisikia lile neno likitoka kinywani mwake na kutua kwenye tairi, na beseni likaniponyoka. Baba aligeuka. Tulitazamana juu ya vikombe vilivyotawanyika. Niliona anaelewa, kitu kimoja baada ya kingine: kuoza ndani, kupasuka, kijana wa nguvu. Nilingoja anipige. Ningependa angenipiga. Aliinama tu, akaanza kuokota vikombe, na mimi nikaokota pamoja naye.

Hakulisema kamwe. Urafiki na Papa Safi uliisha bila maelezo. Mwiko nao uligeuka kichwa chini: tangu mwaka ule gari letu halikuondoka kwenda Nyunzu kabla mama hajakubali. Kwa kuwa mguu haukumruhusu tena kulala chini, baba ndiye aliyetandika gunia, akaingia chini ya gari na kusoma namba kwa sauti, mama akiwa amesimama na fimbo yake anahesabu kwa vidole na kusema huyu aende, huyu abaki. Abiria walicheka, wakazoea, halafu ikawa hawapandi kama hawajamsikia mama akisema "Aende." Baba alifariki miaka kumi baadaye, kitandani mwake, kwa homa. Nilimlilia kwa mengi, na moja kati ya hayo lilikuwa aibu: nilishukuru kwamba ameondoka na siri yangu. Nilihakikishiwa na kaburi lake kwamba mama hatajua ni nani aliyempandisha juu ya ule mupira.

Sasa turudi mwezi uliopita. Nilirudi nyumbani na tairi zangu nne zilizopita kwenye mtihani wa pua, zikafungwa, nikamwita mama atazame, maana anakaa nami siku hizi. Alikuja polepole na fimbo yake, akaomba gunia. Nikalitandika.

"Lala chini," akasema, "usome."

Nililala chini ya gari langu na kitenge changu kizuri, nikasoma. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Kila mara nilisikia vidole vyake vikihesabu kwa kugongana, na kila mara akasema, "Aende."

"Na ule wa akiba?"

Ule wa akiba ulikuwa umening'inia chini ya bodi tangu ninunue gari, na mimi, mshuku nyanya, mshuku wachungaji, sikuwahi kuugeuza. Niliupangusa vumbi nikasoma namba zake. Mama alihesabu, akarudia kuhesabu.

"Aa," akasema. "Huyo muzee, umutoe."

Sikutoka chini ya gari. Sentensi ile nilikuwa sijaisikia tangu kinywani mwa Kwado, nikiwa na miaka minane. Kutoka pale nilipolala niliona miguu yake tu, ule ulionyooka na ule unaotaka kuacha njia. Hakuondoka. Akasubiri. Kisha akagonga gurudumu kwa fimbo, taratibu, upande wa kuume.

"Riziki," akasema. "Nasema mupira, mwanangu. Mupira tu."